Chasisi ya modeli ya gari la dragi: gasa, Funny Car, manati au kukata nusu ya nyuma?

Ukiweka bodi ya Chevrolet ya 1955 mezani bila kitu chini yake, huwezi kujua kama ni gari la bwana harusi au la kukimbilia robo maili. Chasisi ndiyo inayosema. Pua ikiinuka juu ya ekseli ya mbele iliyonyooka kama mtaimbo, hiyo ni gasa, gari la mtaani lililogeuzwa kuwa la mbio, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pua ikilala chini na matairi mapana ya nyuma yakazama ndani ya bodi, umeshahamia kwenye Pro Stock, daraja la mbio lililoanza mwaka 1970, na zama zilizofuata. Bodi ni ileile, na rangi inaweza kuwa ileile.

Wengi tunaonunua seti za plastiki za 1/25, yaani modeli iliyo ndogo mara 25 kuliko gari halisi, huanza na bodi na rangi, chasisi tukaichukua iliyokuja ndani ya boksi, halafu tunashangaa mbona gari halikai kama lile la kwenye picha. Mimi nilikwenda hivyo kwa modeli tatu nzima. Kazi yangu ya mchana ni umeme wa majumba hapa Tanga, modeli ni za usiku, na kila seti inayonifikia imevuka bahari. Nikiharibu chasisi leo, kupata nyingine ni miezi. Kwa hiyo siku hizi nachagua chasisi kwanza, bodi inafuata, na kabla ya kugusa msumeno nakuwa najua nitakata wapi na mara ngapi.

Vipimo vinavyoamua mapema

Mbio zenyewe ni rahisi kueleza: magari mawili, barabara iliyonyooka, kwa desturi robo maili, yaani mita 402, anayefika kwanza kashinda. Ugumu uko kwenye madaraja. NHRA, chama alichokianzisha Wally Parks huko Marekani mwaka 1951, kiligawa magari kwa mafuta, uzito, injini na mahali injini inapokaa. Kila daraja likazaa chasisi ya aina yake. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mjenzi wa modeli ni mwaka na daraja: gari lako ni la lini, na lilikimbia na nani?

Kisha pima umbali kati ya ekseli. Chevrolet ya 1955 ina inchi 115. Kwenye 1/25 hizo ni milimita 116.8, kwenye 1/24 ni 121.7. Kati ya watengenezaji wa seti, Monogram walitoa magari yao mengi kwa 1/24, wakati AMT, MPC na Revell wamekaa zaidi kwenye 1/25, na watu huchanganya wakisema tofauti ni asilimia nne tu. Asilimia nne hiyo ni milimita tano kati ya ekseli, na milimita tano zinatosha kabisa kuligotesha tairi la mbele kwenye ukingo wa digadi. Injini ya 1/24 ndani ya gari la 1/25 hakuna atakayeistukia. Matairi pia hayasemi sana. Kizimba cha kumlinda dereva na kiti chake ndivyo vinavyokataa, kwa sababu paa la gari haliongezeki, na utajikuta unakata miguu ya kizimba hadi kichwa cha dereva kimepita juu ya bomba linalopaswa kumkinga.

Cha tatu ni upana wa tairi la nyuma. Kwetu tairi kipara ni tairi lililokwisha. Kwenye dragi ni tairi lililotengenezwa bila mistari makusudi, ili mpira wote uguse lami. Tairi la upana wa inchi 10, la enzi za gasa, ni milimita 10.2 kwenye modeli. La Pro Stock wa siku hizi ni inchi 17, yaani milimita 17.3. Sasa chukua bodi yetu ya Chevrolet yenye upana wa kama milimita 75. Ukiweka matairi mawili ya 10.2, katikati kunabaki nafasi ya fremu ya asili kupita na sakafu yake. Ukiweka mawili ya 17.3, fremu ya asili haina pa kupita. Hapo hakuna mjadala wa kupenda au kutopenda, nyuma yote lazima ikatwe.

Gasa: mikato miwili, jioni mbili

Hii ndiyo ninayompa mtu yeyote anayeanza, na siyo kwa sababu ni nyepesi tu. Gasa ilikuwa gari la mtaani lililogeuzwa: bodi ya kiwandani, petroli ya kawaida badala ya nitromethani, yale mafuta makali ya mbio, fremu yake mwenyewe. Jina lenyewe limetokana na petroli, ambayo Wamarekani huiita kwa kifupi "gas". Wajenzi walikuwa wanang'oa mikono ya juu na ya chini ya magurudumu ya mbele pamoja na krosmemba yake nzito, yaani mhimili unaokingama kati ya pande mbili za fremu, wakaweka ekseli moja iliyonyooka juu ya springi bapa kama za lori. Walitaka pua iwe juu ili gari likiondoka uzito urudi nyuma kwenye matairi yanayosukuma. Willys (gari la Kimarekani) ya timu ya Stone, Woods na Cook na ile ya "Big John" Mazmanian ndizo zilizoifanya sura hiyo ijulikane.

Kwa modeli, maana yake ni kwamba mihimili ya fremu iliyo kwenye boksi inabaki. Unakata sehemu mbili tu, mbele na nyuma ya krosmemba ya mbele, unaitoa, unaweka kipande cha kijiti bapa kuunganisha mihimili, halafu chini yake springi na ekseli. Kijiti cha mviringo cha milimita 2 kinatosha kuwa ekseli, kwa sababu ni sawa na bomba la inchi 2 kwenye gari halisi. Springi bapa huwa nachukua kwenye seti ya pikapu ya zamani. Ukikosa, kata vipande vitano vya plastiki nyembamba vya urefu unaopungua, vipange kama matabaka, vikunje kidogo wakati gundi bado mbichi na uvifunge kwa uzi mpaka vikauke.

Kosa linaloharibu gasa nyingi ni kuinua pua kupita kiasi, na picha za magari ya maonyesho ya siku hizi ndizo zinazotupotosha. Sheria ya NHRA ilikuwa kwamba katikati ya krenki isizidi inchi 24 kutoka ardhini. Kwenye 1/25 hizo ni milimita 24.4. Nina kipande cha plastiki nilichokikata kwa urefu huo kamili, nimekichora mstari mwekundu kichwani. Kabla ya kugandisha springi nakisimamisha mezani karibu na puli ya krenki, gari likiwa limekaa kwenye matairi yake. Puli ikiwa juu ya mstari, springi inapunguzwa. Kipande hicho kimeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Kuna sheria nyingine inayosaidia: injini iliruhusiwa kurudi nyuma kwa asilimia 10 ya umbali kati ya ekseli, ikipimwa kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi plagi ya kwanza. Kwa Chevrolet ya inchi 115 unapata milimita 11.7. Ukisogeza injini hadi hapo, ukuta wa injini unahitaji kukatwa kidogo kwa nyuma, na kazi hiyo ndogo ndiyo inayomfanya mtazamaji anayejua agundue kwamba mjenzi alijua pia.

Njia hii inafaa bodi zilizokuwa na fremu yake: Chevrolet za 1955 hadi 1957, Ford za 1940, Willys, na ile Ford ndogo ya Uingereza, Anglia. Ila usidhani fremu moja inawaenea wote. Anglia ina inchi 90 tu kati ya ekseli, milimita 91.4, kwa hiyo fremu ya Chevrolet itakuwa ndefu kwa zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Ekseli zilizohamishwa: chasisi rahisi, bodi ngumu

Mwaka 1965 Chrysler walitoa Dodge na Plymouth zilizosogezwa ekseli ya nyuma mbele kwa inchi 15, na ya mbele kwa inchi 10. Uzito ukahamia nyuma kwa nguvu, na sura ikawa ya ajabu: tairi la nyuma karibu ligonge mlango. NHRA waliyakataa kwenye madaraja yao, magari yakaenda kukimbia kwenye AHRA, chama kingine cha mbio hizi, na kwenye mashindano ya kualikana.

Kwa modeli ni milimita 15.2 nyuma na 10.2 mbele. Kuyahamisha kwenye chasisi ni kazi ya saa moja, maana umbali wenyewe unapungua kwa milimita tano tu. Shida iko juu. Tundu za magurudumu kwenye bodi lazima zihame pia, na hapo unakata digadi, unahamisha kipande chenye upinde, unaziba kilichobaki, unapiga puti na msasa hadi mstari wa ubavu usomeke tena kama haujawahi kukatwa. Ningesema ijenge baada ya kuwa na gasa mbili kwenye rafu. Sifa yake moja kubwa: haihitaji seti ya pili.

Funny Car: chasisi moja, bodi nyingi

Hapa ndipo ninapopapenda, na nitakaa kidogo.

Mwaka 1966 Mercury walileta Comet ambayo bodi yake ya faiba ilikuwa kipande kimoja kilichobanwa kwa bawaba nyuma. Unaifunua kama kawa, na chini unakuta kiunzi cha mabomba kilichotengenezwa na ndugu wa Logghe wa Michigan. Hapakuwa tena na fremu ya kiwandani, na bodi ikageuka kuwa nguo tu ya kuvishwa juu.

Kwa mjenzi wa modeli hilo ni jambo kubwa. Chasisi na bodi zinagusana sehemu tatu nne tu: bawaba za nyuma, vishikizi vya mbele, na fimbo ya kuishikilia bodi ikiwa wazi. Hakuna sakafu ya kuoanisha, hakuna beseni la ndani lenye viti vya abiria, hakuna ukuta wa injini. Bodi yoyote ambayo matundu yake ya magurudumu unaweza kuyafikia inafaa. Viwanda vyenyewe vilifanya hivyo: MPC na Revell walitumia chasisi moja chini ya bodi tofauti, boksi baada ya boksi. Kwa sisi ambao seti ni ghali kufika, chasisi moja ya Funny Car ni mtaji. Mimi ninayo moja inayozungukia bodi mbili, naivua na kuivisha.

Umbali kati ya ekseli hauzidi inchi 125 kwa sheria za NHRA, milimita 127 kwenye modeli. Kama bodi yako inataka pungufu, kata mbele ya injini, pale mabomba yanapokwenda sambamba kuelekea ekseli ya mbele. Usikate yote kwenye mstari mmoja. Bomba la juu lipishane na la chini kwa milimita sita hivi, toboa ncha zote kwa biti ya milimita 0.8, ingiza waya kama msumari wa ndani, ndipo uweke gundi. Ukikata yote pamoja, chasisi itapinda hapo kama goti, na hutaigundua hadi siku unapoiweka juu ya kioo na tairi moja linaning'inia.

Angalia mwaka. Chasisi ya Logghe ya 1966 ina springi za koili zilizovishwa shokapu pembe zote nne, wakati magari ya miaka ya 1970 yamebanwa zaidi, dereva kakaa katikati nyuma ya injini na mabomba yamemzunguka mabegani. Bodi ya Comet ya 1966 juu ya chasisi ya 1973 ni kosa ambalo picha moja tu ya zamani inatosha kulifichua.

Ubaya wa Funny Car ni kwamba bodi ikifunuliwa kila kitu kiko wazi. Kwenye gasa unaweza kuacha upande wa chini wa giaboksi bila mrija hata mmoja. Hapa mkanda wa supachaja, mipira ya mafuta, nyaya za plagi nane, mikanda ya dereva, vyote vinaonekana kwa mara moja. Chasisi yenyewe hukamilika kwa jioni nne. Vinavyoning'inia juu yake vinaweza kuchukua mwezi. Tena bodi ya seti ya kawaida ni nene. Ukiifunua, kingo zake zinaonekana kama ukuta wa tofali. Zikwangue kwa ndani kuzunguka matundu ya magurudumu hadi zionekane nyembamba kama faiba.

Manati: chasisi tupu

Wamarekani waliita dragsta za injini ya mbele, yale magari marefu membamba yaliyojengwa kwa mbio hizi tu, kwa jina la manati, na ukiiona inakaa unaelewa: dereva yuko nyuma ya ekseli ya nyuma, miguu yake imepita juu ya difu, kama jiwe ndani ya kipande cha ngozi kinachosubiri kuachiwa. Haina springi nyuma, haina mlango wala paa. Ni mihimili miwili mirefu, injini, na kizimba.

Kuirekebisha ni rahisi kuliko zote. Manati za mwanzo zilikuwa fupi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 zilishafika inchi 200 na zaidi. Ukiwa na seti ya ile fupi, tuseme inchi 150, unakata mihimili mbele ya injini na kuongeza milimita 50.8, umeshahama muongo. Ukiwa na seti mbili, unaweza kuiacha moja fupi na kuirefusha nyingine, zikae pamoja zionyeshe tofauti.

Lakini urefu huo una adui. Mihimili ya plastiki ya unene wa milimita moja na nusu, yenye injini nzito katikati, hulegea taratibu. Niliwahi kuacha moja kwenye rafu ya dirisha linaloangalia magharibi, Januari, joto la pwani mnalijua. Mwezi wa tatu tumbo lake lilikuwa limekaa mezani na magurudumu ya mbele yametazamana. Tangu hapo manati nazijenga kwa chuma: shaba nyekundu au mrija wa shaba ya njano, na plastiki ni ya injini tu.

Na hapa tena mwaka unabana. Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions karibu na Long Beach, California, giaboksi ya dereva Don Garlits ililipuka kati ya miguu yake na akapoteza sehemu ya mguu wa kulia. Alirudi na dragsta ya injini ya nyuma, na mwaka 1971 akashinda nayo mashindano ya NHRA ya Winternationals pale Pomona. Baada ya hapo manati zilitoweka haraka kwenye daraja la juu. Ukitaka Top Fuel, yaani dragsta ya daraja hilo la juu, ya katikati ya miaka ya 1970, usipoteze muda kugeuza seti ya manati, maana kizimba, injini na mahali pa dereva vyote vimebadilishana nafasi. Tafuta seti ya injini ya nyuma. Za sasa zina inchi 300, na kwenye rafu yako hizo ni milimita 304.8, pima rafu kwanza.

Kukata nusu ya nyuma

Hii ni njia ya mtu mwenye bodi anayoipenda na asiyetaka kuiacha. Daraja la Pro Stock lilianza NHRA mwaka 1970 na magari yaliyokuwa bado na sakafu zao za kiwandani. Mwaka 1974 mkimbiaji Bill Jenkins alileta Vega, gari dogo la Chevrolet, yenye chasisi kamili ya mabomba, na wengine wakafuata. Kati ya hizo mbili kuna njia ya karakana za kawaida: mbele ya gari inabaki, nyuma ya viti vya mbele panakatwa, panawekwa mihimili mipya iliyobana kuelekea ndani, ekseli inafupishwa, na mabeseni makubwa yanafunika matairi kwa ndani ya gari.

Faida yake ni kwamba haijali kama gari lilikuwa na fremu au sakafu iliyoungana na bodi. Vega ya inchi 97, Chevrolet ya 115, Dodge yoyote, utaratibu ni uleule. Mihimili halisi ya kazi hiyo ni bomba la pembe nne la inchi 2 kwa 3. Kwenye 1/25 ni milimita 2 kwa 3 karibu kamili, na kijiti cha plastiki cha kipimo hicho kinauzwa. Kwa nadra hesabu hukubaliana vizuri namna hii.

Rudi kwenye bodi ya milimita 75. Matairi ya 17.3 yakae milimita moja ndani ya ukingo kila upande, katikati kunabaki kama milimita 38. Toa milimita moja na nusu kila upande ili tairi lisisugue, mihimili yako nje kwa nje ni 35. Chora hayo kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, bandika karatasi kwenye ubao, panga vijiti juu yake na uvigandishe hapohapo. Usijaribu kugandisha ukiwa umeshika chasisi mkononi. Mwanzoni nilifanya hivyo, ekseli ikatoka imekaa upande kwa milimita mbili, na milimita mbili nyuma ya gari zinaonekana hata na mtoto.

Ugumu wake mkubwa ni beseni la ndani. Linapaswa kukatwa nyuma, na mabeseni ya matairi kujengwa upya. Kipande cha kopo la plastiki laini la duara, au mfuniko wa chupa ya dawa wenye kipenyo kinachofaa, hutoa umbo zuri kuliko kukunja bapa.

Mabomba kutoka kwenye kebo

Vijiti vya plastiki vya Evergreen ni vizuri na vimenyooka, navitumia kwa mihimili ya pembe nne. Kwa kizimba nimeviacha. Sheria za NHRA zinataka bomba la inchi moja na robo tatu kwa kizimba cha chuma cha kawaida. Ukigawanya kwa 25 unapata milimita 1.78. Sasa chukua kebo ya milimita mraba 2.5 ya kiini kimoja, ileile ninayoipeleka kwenye soketi za nyumba za watu, imenye gamba, upime shaba yake kwa kalipa: 1.78. Ya 1.5, ya taa, ni milimita 1.38, ambayo ni bomba la kama inchi moja na tatu ya nane, linalofaa vizuri kwa mabomba madogo ya msalaba. Vipande vinavyobaki sakafuni baada ya kazi vinatosha chasisi nzima.

Bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa plaizi, vuta taratibu hadi uhisi waya umekubali kidogo. Unatoka umenyooka na umekuwa mgumu zaidi. Panapotakiwa kona kali, choma sehemu hiyo kwa moto hadi iwe nyekundu hafifu, itumbukize kwenye maji, italainika tena. Kona ikunjie kwenye mwili wa biti ya drili yenye unene unaotaka ili zote zifanane. Waliokulia kutengeneza magari ya waya mikono yao inaijua kazi hii tayari. Kuona jinsi waya utakavyogeuka kabla hujaukunja hakufundishwi kwenye karatasi ya maelekezo.

Viungo navilehemu kwa risasi ya elektroniki. Funika kiungo kilichokwisha kwa karatasi ya shashi iliyolowa, la sivyo kitaachia wakati unalehemu cha jirani. Ncha ya bomba inayokutana na ubavu wa jingine ichimbe kwa tupa ya mviringo ili ikae kama mdomo wa samaki, ndivyo wachomeleaji wa kweli wanavyofanya, na kiungo kinabana. Shaba haishikani na plastiki kwa gundi ya modeli, kwa hiyo tumia supa gluu au ile ya kuchanganya mbili.

Chasisi za kuchapwa kwa 3D zipo na umbo lake linapendeza. Nilizozishika za rezini zilikuwa kavu kama kaki kwenye mabomba membamba. Kwa injini na difu ningezichukua bila kusita. Kwa kiunzi cha kubeba gari, hapana.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kama una seti moja tu na bodi ni ya kabla ya 1958, jenga gasa. Hutahitaji kununua chochote zaidi ya vijiti, na ukikosea springi unazitoa na kurudia. Kama una bodi mbili tatu ambazo chasisi zake zimevunjika au zimepotea, tafuta chasisi moja ya Funny Car na uzivishe zote, mradi miaka ikubaliane. Kama una bodi moja ambayo moyo umeigandia, iwe ya mwaka wowote, na unataka matairi mapana, kata nusu ya nyuma, ila tenga wiki tatu. Manati mpe mtu anayependa chuma kuliko rangi. Ekseli zilizohamishwa ziache kwa sasa, isipokuwa unajua kupiga puti bodi hadi kucha ikipita isihisi kitu.

Na kabla ya gundi yoyote, kwa njia yoyote: simamisha matairi manne mezani kwa vipande vya udongo wa kuchezea, weka bodi juu yake bila chasisi, sogeza hadi ikae kama kwenye picha, kisha piga picha kutoka ubavuni na upime kila kitu pale pale. Vipimo hivyo vya tairi hadi tairi na ardhi hadi kizingiti cha mlango ndivyo unavyovipeleka kwenye ubao wa kupangia chasisi. Chevrolet ya 1955 niliyoanza nayo hapa juu iko hivyo sasa hivi kwenye meza yangu, tairi nne kwenye udongo wa bluu, milimita 116.8, na kile kipande chenye mstari mwekundu kimesimama pembeni kikisubiri injini.